Mashine Zitutumikie

Msimu wa mauzo ya korosho ufikapo, mwezi wa Oktoba, fedha huingia Masasi na Newala kuliko wakati wo wote mwingine wa mwaka. Pamoja na fedha hizo huja vitu vipya: simu za mkononi zenye intaneti, televisheni, na vibanda vya gemu, ambamo vijana huketi mbele ya kioo wakicheza mpira wa mashine kwa kulipia kila mchezo. Wazee wananung'unika. Wapo wanaotaka vibanda hivyo vifungwe vyote mara moja. Vijana nao hujibu kwamba huo ni mchezo tu, kama bao lilivyo mchezo wa wazee wao.

Sisi twasema kwamba kila upande una sehemu ya haki, lakini hakuna uliogusa kiini cha shauri lenyewe.

Dawa ya kukataza nchi yetu imekwisha kuijaribu. Wizara ya Fedha ilipata kompyuta ya kwanza mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya hesabu za Serikali zilizofanywa kwa mashine kwenda mrama, ikapigwa marufuku kuingiza nchini kompyuta na televisheni. Sababu zake hazikuwa za kipuuzi. Nchi ilikuwa maskini, na fedha za kigeni zilihitajiwa kwa mambo makubwa zaidi. Lakini dunia haikutungoja. Ndugu zetu wa Zanzibar walikuwa na televisheni yao tangu mapema miaka ya 1970. Bara hatukupata kituo cha kwanza mpaka mwaka 1994. Vijana wengi ambao wangejifunza ufundi wa mashine hizo katika miaka hiyo walikosa cha kujifunzia. Hasara hiyo hatuna budi kuikiri, tusije tukairudia.

Sasa na tutazame Tanga. Kati ya mwaka 2017 na 2019, watoto wapatao 2,700 katika vijiji vipatavyo 170 vya mkoa huo walipewa vishikwambi vyenye michezo ya kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, vikatiwa nguvu kwa umeme wa jua. Wengi wao hawakupata kukanyaga shule. Zaidi ya tisa katika kila kumi hawakuweza kusoma hata neno moja. Baada ya miezi 15, miongoni mwa waliotumia programu mbili zilizoshinda, Kitkit School na onebillion, idadi hiyo ilikuwa imepungua kwa nusu. Watoto hao walikuwa wakicheza, na katika kucheza wakajifunza. Basi, nani atasema kwamba kioo chenyewe ndicho adui?

Adui yuko mahali pengine. Iko mashine ya kamari inayomeza sarafu, ambayo mara nyingi watu huichanganya na gemu. Mambo haya mawili si ndugu. Katika gemu ya mpira, mjuzi humshinda asiye mjuzi, na aliyeshindwa hupoteza ada yake tu. Mashine ya kamari imetengenezwa ili mwenye nayo apate faida, cheza ucheze. Mtu anayeishi kwa jasho la mwenziwe namna hiyo tulizoea kumwita kupe, na jina hilo halijapitwa na wakati. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 haimruhusu mtoto aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari. Sheria hiyo haina maana ikiwa sisi wazazi twaona na kunyamaza.

Wala tusisahau mkate wetu. Tangu msimu wa mwaka 2024 korosho huuzwa katika minada inayoendeshwa kwa mtandao wa Soko la Bidhaa, TMX. Bei ya jasho la mkulima wa Newala sasa hupita ndani ya mashine. Kijana anayejua kuitumia kwa mchezo tu, naye hajui kusoma humo bei ya korosho za baba yake, bado ni mtumwa wa mashine.

Kwa hiyo twashauri hivi. Wenye vibanda wasipokee wanafunzi saa za masomo. Viongozi wa vitongoji na mitaa waikague mashine ya kamari po pote ilipo, na wakimkuta mtoto mbele yake wachukue hatua pasipo kuoneana haya. Wanachama wa ushirika wanapokutana kuzungumza juu ya mapato, wajadili pia kutenga fungu la kununulia kompyuta chache, ziwekwe katika chumba kimoja, na vijana wafundishwe kuzitumia, na hata kuzitengeneza zinapoharibika.

Kijana huyo anayesifiwa kibandani kwa wepesi wa vidole vyake ana akili ya kutosha kwa kazi kubwa kuliko hiyo. Tukimfukuza kibandani bila kumwonyesha mahali pengine pa kwenda, tutakuwa tumemkabidhi kwa kupe kwa mikono yetu wenyewe.