Ukuta nao ni maandishi

Juzi darasani mwenzetu mmoja aliuliza: mwanafunzi wa lugha anatafuta nini katika kanisa kuukuu la kijijini? Mambo ya kuta, akasema, tuwaachie mainjinia na mapadri. Tulicheka sote, nami nikiwemo. Lakini swali lile lilinifuata hadi nyumbani, na leo nalijibu kwa mfano wa kanisa moja dogo la Ufaransa.

Kanisa la Saint-Martin liko Vic, katika eneo la Indre. Lilijengwa katika karne ya 11, likapanuliwa katika karne ya 12, na kuta zake za ndani zikajazwa michoro. Baadaye zilipakwa chokaa, na michoro ikasahaulika. Mwaka 1849 padri wa parokia, Périgaud, aliigundua chini ya chokaa hiyo. Jirani tu, huko Nohant, aliishi George Sand. Yeye ndiye aliyempasha habari Prosper Mérimée, mkaguzi mkuu wa majengo ya kihistoria tangu 1834, na kanisa likapata ulinzi wa serikali.

Sand alikuwa mwandishi wa riwaya. Mérimée naye ndiye mtunzi wa Carmen, iliyotoka mwaka 1845, na mwaka huohuo alichapisha uchambuzi wa michoro ya kanisa la Saint-Savin. Hakuna kati yao aliyeshika mwiko wa mwashi. Walishika kalamu, na walijua wamwandikie nani.

Tena, michoro yenyewe inasomeka. Mojawapo ya visa vilivyochorwa Vic ni kile cha mwili wa Mtakatifu Martin: watu wa Poitiers na wa Tours waliugombania, na wa Poitiers walipolala, wa Tours wakauiba. Gregori wa Tours alikiandika kisa hicho katika karne ya 6. Mchoraji wa Vic akakisimulia upya kwa rangi. Sisi tunaolinganisha matoleo mawili ya hadithi moja, je, hiyo si kazi yetu?

Najua mtaniambia kwamba barua haizuii mvua kuvuja. Ni kweli, paa linahitaji fundi na pesa. Tangu sheria ya 1905, makanisa mengi ya zamani ya parokia huko Ufaransa ni mali ya serikali za mitaa, na kijiji kidogo kinabeba mzigo mzito. Lakini wasiojua ukuta wao unasema nini wataona gharama tu. Lazima mtu awaeleze kwanza.

Hapo ndipo linapotugusa. Tunakwenda vijijini, tunarekodi masimulizi ya wazee, tunaandika kazi ya mwisho, tunapata pointi. Kisha daftari linafungiwa kabatini. Hiyo nayo ni chokaa. Tofauti ni kwamba chokaa ya Vic iliificha michoro na kuihifadhi. Kabati letu linaficha tu, na panya wanasoma kabla yetu.

Kwa hiyo naomba jambo moja kwa walimu wetu: kazi yoyote ya masimulizi isipokelewe mpaka nakala yake, katika lugha ya waliosimulia, imerudishwa kijijini, kwenye shule, parokia au kwa chifu. Padri wa Vic hakunyamaza na alichokiona. Sisi tunanyamaza na tulichokisikia.