Uzito haushiki mzigo, kamba ndiyo inashika

Jamani wadau, nani alisema mzigo mzito haufungwi? Chukua maziwa ya ngamia yanayotoka Garissa kwenda Nairobi kwa mitungi ya plastiki. Sakafuni mtungi unashikwa na msuguano tu. Uzito ukiwa maradufu, msuguano nao unakuwa maradufu, lakini nguvu ya kuusimamisha mtungi vilevile. Ngoma droo! Ukiandika programu, uzito unajifuta wenyewe.

Tuseme sakafu imelowa, msuguano ni 0.3 ya uzito. Dereva akipunguza kasi kwa zaidi ya mita 3 kwa sekunde, kila sekunde, mtungi unateleza, uwe wa lita 5 au 20. Breki ya ghafla hufikia 5. Na mbele ya mtungi kuna abiria.

Utingo, funga kamba kwanza.