Tusiinue Gari Tukawaangusha Watu

Ndugu wafanyakazi,

Huku kwetu magharibi ya Uganda, chini ya milima ya Rwenzori, mvua kubwa huja mara mbili kwa mwaka: Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Novemba. Miezi hiyo chai huchipua kwa wingi, na miezi hiyo hiyo njia za mashambani hugeuka tope. Chai nayo haingoji. Majani mabichi yakishindiliwa kwenye magunia kwa muda mrefu hupata joto, yakageuka mekundu, na thamani yake ikapotea. Basi kila msimu hadithi ni moja: gari limekwama, watu washuke wasukume, na saa za kusukuma hakuna anayeziandika.

Katika shamba moja lenye tawi letu kuna pikapu kuukuu ya Toyota Land Cruiser, aina ya HZJ75, yenye injini ya dizeli ya lita 4.2 na springi za vyuma bapa mbele na nyuma. Asubuhi hubeba wachumaji, mchana hubeba magunia, usiku ikibidi hubeba mgonjwa. Uongozi wa shamba umeiambia kamati kwamba gari litainuliwa juu na kuvishwa matairi makubwa, na taabu ya tope itakwisha. Wenzetu wengi walipiga makofi. Sisi hatukupiga, na ni haki tueleze kwa nini.

Kwanza tuelewe kitu gani huinua kitu gani. Springi ndefu huinua chasi na bodi. Ekseli haziinui. Difu, lile bonge la chuma linaloning'inia katikati ya ekseli na kukwaruza matuta ya njia, hubaki pale pale hata bodi ikipanda juu namna gani. Kinachoinua difu ni tairi peke yake. Sasa tupige hesabu. Tairi la 7.50R16, ambalo magari mengi ya aina hii hutumia, lina kimo cha karibu sentimita 81. Tairi la 255/85R16, ambalo uongozi unalitaka, lina karibu sentimita 84. Tofauti ni sentimita 3, lakini ekseli iko katikati ya gurudumu, kwa hiyo difu hupata nusu yake tu: sentimita moja na nusu. Huo ni upana wa kidole. Je, tope letu lina kina cha kidole?

Tena tairi hilo halikai vizuri kwenye ringi za asili zenye upana wa inchi 5.5. Itabidi kununua ringi nyingine. Likishafungwa, gari huwa zito kuondoka na breki huhitaji nguvu zaidi. Hata saa ya mwendo hudanganya: ikionyesha 60, gari linakwenda zaidi ya 62.

Pili, kabla ya kuinua tujue gari limezama kiasi gani. Tulilisimamisha mahali tambarare, tukapima kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa madigadi juu yake. Upande wa kushoto nyuma ulikuwa chini ya wa kulia kwa sentimita 4. Yaani springi zimechoka kwa miaka mingi ya mizigo. Springi mpya za kimo cha kawaida peke yake zingelirudisha gari mahali pake. Mzee aliyeinama mgongo hatibiwi kwa viatu virefu.

Tatu, springi huchaguliwa kwa uzito wa mzigo. Watengenezaji huziuza kwa kipimo: za gari tupu, za mzigo wa kudumu wa kilo 300, na nyingine za zaidi ya hapo. Wachumaji 12 wa kilo 60 kila mmoja ni kilo 720. Ukifunga springi laini, gari litalala. Ukifunga ngumu mno, litabeba magunia vizuri, lakini usiku mama mjamzito akipelekwa zahanati likiwa tupu, atarushwa kila shimo mpaka afike. Maoni yetu ni springi za mzigo wa kati, na kama ni lazima kuinua, isizidi sentimita 5. Shokapu zilingane na springi hizo. Paipu za breki zipimwe gurudumu likiwa limening'inia, zisije zikavutika na kukatika. Pembe ya propela ikaguliwe.

Tunakataa kabisa njia za mkato. Kuna mafundi wanaorefusha vyuma vinavyoning'iniza springi, na wengine hupachika vipande vya chuma kati ya ekseli na springi, kipande juu ya kipande. Kazi hiyo ikifanywa mbele huharibu kusimama kwa magurudumu, na usukani ukaanza kutangatanga. Rahisi ya fundi, ghali ya abiria.

Sasa tufike penye uchungu. Kila sentimita ya kuinua bodi inapandisha uzito juu, na upana wa magurudumu unabaki ule ule. Watu wakisimama nyuma, uzito unapanda zaidi. Mama mwenye ndoo ya maji kichwani anajua jambo hili kuliko injinia: akiinama kidogo tu, maji yanamwagika. Miaka michache iliyopita, katika shamba jingine, tuliona kwa macho yetu gari lililoinuliwa kwa njia za mkato. Lilikuwa limebeba watu waliosimama, likashuka mteremko, gurudumu la chini likaingia mtaro, nalo likalala ubavu. Hakufa mtu. Lakini mchumaji mmoja alivunjika mkono wa kulia, na mchumaji asiye na mkono wa kulia hana kilo za kupeleka kwenye mizani. Wakati wa kuchagua springi zile, hakuna mfanyakazi aliyeulizwa.

Madereva wenzetu wanatuambia: "Nyinyi wa kamati hamlali porini na gari lililokwama." Maneno yao ni ya kweli na tunayaheshimu. Dereva ndiye anayelaumiwa majani yakiharibika. Lakini tairi jembamba, lenye meno marefu, hukata tope letu na kufikia udongo mgumu ulio chini yake, kuliko pana linaloelea na kuteleza. Kwa hiyo tunasema abaki na 7.50R16, ila liwe jipya na la meno ya tope. Atazame ubavuni kama linahimili mzigo wake, na azisome zile tarakimu nne za tarehe: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi kuukuu hupasuka hata likiwa na meno. Apewe pampu pia, apunguze upepo penye tope na kuujaza tena kabla ya kurudi barabarani.

Na wenzetu wa gereji wasisahaulike. Zile ringi zenye pete ya kufungia zimeua mafundi wengi duniani, kwa sababu pete inaweza kufyatuka wakati wa kujaza upepo. Tairi litolewe upepo wote kabla ya kufunguliwa, na lijazwe ndani ya kizimba cha chuma. Shamba lisilo na kizimba linunue kizimba kabla ya kununua matairi.

Kwa hiyo kabla ya mvua za Septemba tutakaa na uongozi, na tutadai haya. Mwakilishi wa wanaopanda gari awepo fundi anapochagua. Watu wakae kwenye viti vyenye vyuma vya kushikilia, idadi iandikwe mlangoni, wala wasichanganywe na magunia. Fedha za matairi makubwa na ringi zake zichimbue mitaro na kumwaga changarawe pale penye kona mbaya, kwa maana gari moja likiinuliwa, matrekta na miguu yetu bado inapita tope lile lile. Saa za kusukuma zilipwe.

Na mtu asitishwe akikataa kupanda gari la hatari. Mkataba namba 155 wa mwaka 1981 wa Shirika la Kazi Duniani unasema mfanyakazi anayejiondoa kwenye kazi, akiwa na sababu ya kuamini kwamba maisha au afya yake imo katika hatari kubwa iliyo karibu, alindwe asiadhibiwe. Mwaka 2022 mkataba huo uliwekwa miongoni mwa mikataba ya msingi.

Ndugu zetu wa mashamba na viwanda vya nchi jirani, nanyi mnayo magari ya namna hii. Kesho asubuhi kabla ya kupanda, chukueni kamba mpime kila upande. Andikeni mlichokiona, mkipeleke kwenye kamati yenu.

Umoja ni nguvu.