GENGE LA KUDUMU, SI VIBARUA WA SIKU TATU



Kuna watu hapa Kitale na Bungoma wasemao kwamba kibarua na mnyama ni maadui: ukitaka kazi ya barabara, sahau msitu, ukitaka msitu, lala njaa. Sisi tulioshika sururu na karai twasema huo ni uwongo, na anayeusema hajapata kuzibua kalavati hata moja.

Tazameni Saiwa, upande wa kuelekea Kapenguria. Mbuga hiyo ilitengwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, yule swala wa kinamasi mwenye kwato ndefu za kukanyagia matope. Ni kilometa 3 hivi za mraba tu, na mashamba yameizunguka. Barabara ya murram ikiachwa bila mitaro, mvua huizoa na kuiteremsha penye maji. Mlimani Elgon, ambako ndovu huingia pango la Kitum kuchimba chumvi kwa pembe zao, hasara ni ya namna nyingine. Njia ikiharibika dereva hupita kando. Kesho lori hupita kando zaidi, na njia moja huwa tatu. Mwisho huja greda, na machimbo mapya ya murram, na miti huanguka.

Dawa yake yajulikana. Mwaka 1974 serikali ilianza mpango wa barabara za vijijini zilizojengwa kwa mikono. Zilipokwisha, mtu akaaye karibu alipewa kipande chake, kilometa moja au mbili. Alifyeka majani, akazibua mitaro, akajaza shimo lingali dogo. Jembe la mtu huyo halikuangusha mti.

Leo kontrakta huita vibarua wa siku chache, kisha huwaaga, na mvua ikianza hakuna mwenye jembe barabarani.

Msituambie fedha hazipo. Julai 2024 ushuru wa kutunza barabara ulipandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa kila lita ya mafuta. Mwaka 2025 shilingi 7 katika hizo ziliwekwa rehani ili kulipa madeni ya makontrakta. Wenye magreda wamekumbukwa. Mzibua mitaro je?

Na mabwana wa hifadhi wasitunyoshee kidole. Si sisi tuliochora njia, wala hatukuulizwa.

Twataka genge la kudumu, lenye mshahara wa mwezi na makoti ya mvua, katika kila barabara ipakanayo na msitu au kinamasi, toka Endebess hadi Kapsokwony. Twataka kontrakta asimaliziwe malipo yake kabla hajafukia machimbo aliyoyafungua.

Kila mwanachama ahesabu makalavati yaliyoziba katika njia apitayo, aandike mahali yalipo, amkabidhi katibu wa tawi lake kabla ya mvua.