Tumlinde popo wa Nyungwe, tulinde na biashara yetu

Mfanyabiashara anayetoka Kamembe na magunia ya mchele wa Bugarama kwenda Bukavu huhesabu nauli, ushuru na bei ya siku. Popo hamo katika hesabu zake. Gazeti hili linasema sasa amwingize.

Mwaka 2019, watafiti katika Msitu wa Nyungwe walimnasa popo wa Hill, mnyama mdogo mwenye pua yenye umbo la kiatu cha farasi, ambaye hakuwa ameonekana kwa takriban miaka 40. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 2022. Hajulikani kuishi kwingine duniani, na yumo katika orodha ya wanyama walio karibu mno kutoweka.

Popo huyu hula wadudu usiku. Jamaa zake hufanya kazi hiyo hiyo juu ya mashamba yetu, bila malipo. Nchini Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba katika maeneo ambako popo walikufa kwa ugonjwa, wakulima waliongeza dawa za wadudu kwa takriban asilimia 31. Gharama ya namna hiyo haibaki shambani. Humfikia mchuuzi, kisha mlaji.

Wapo wanaotaka popo wauawe, hasa baada ya mlipuko wa Marburg nchini Rwanda mwaka 2024. Hofu hiyo inaeleweka, lakini popo anayehusishwa na Marburg ni mla matunda wa mapangoni, si huyu. Hata huyo, kumuua si dawa. Katika mgodi wa Kitaka, Uganda, popo waliangamizwa. Waliporudi walikuwa na maambukizi zaidi, na mwaka 2012 Marburg ikazuka jirani, Ibanda. Lililo salama ni kutoingia mapangoni.

Adui wa popo wa Hill ni shoka na jembe. Hapa Rusizi, msitu wa Cyamudongo umebaki kisiwa cha miti katikati ya mashamba. Nyungwe yenyewe, iliyoingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2023, inaungana na Kibira ya Burundi. Mti ukikatwa upande mmoja, hasara ni ya pande zote mbili.

Rwanda na Burundi zimo pamoja katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, na Kongo ilijiunga 2022. Jumuiya isiwe ya mihuri na ushuru tu. Serikali zipange doria za pamoja katika msitu huu mmoja, na mkaa na mbao zinazovuka mpaka zikaguliwe zilikotoka kama zinavyokaguliwa bidhaa nyingine.

Nawe mfanyabiashara, kabla hujapakia gunia la mkaa, uliza limetoka wapi. Muuzaji akikosa jibu, liache. Msitu hauna mnunuzi wa pili wa kuurudisha.