Maganda ya Kahawa Kwa Uso: Kiwandani Yanamwagwa, Dukani Unayanunua kwa Matone

Chukua ile seramu ama losheni yako, geuza chupa, soma yale maandishi madogo ya nyuma. Ukipata mahali wameandika Coffea Arabica Fruit Extract, hilo ni tunda la kahawa. Si mbegu ile inakaangwa na kusagwa, ni ngozi nyekundu na nyama ya nje. Yaani kitu ambacho kule Nyeri na Kirinyaga kinarundikwa nyuma ya kiwanda cha sosaiti mpaka kinanuka, wewe umekilipia doo na unakipaka usoni ukienda kulala.

Sisemi umechezwa. Angalau si kabisa.

Cheki vile kiwandani kunaenda. Mkulima analeta cheri, mashine inaivua ngozi, mbegu zinalazwa kwa tangi, zinaoshwa, zinaanikwa. Kilo sita ama saba za cheri ndio zinakupa kilo moja ya kahawa safi ya kuuza. Hizo zingine ni maji na maganda. Mengine yanarudi shambani kama mbolea, mengine yanaozea hapo hapo, na kitambo mengi yameishia mtoni. Kama umelelewa karibu na kiwanda msimu wa kuchuma, hiyo harufu unaijua vizuri.

Sasa, hayo maganda yana kafeini, na yana asidi ya klorojeniki, kitu inayosaidia kupunguza ule uharibifu jua na moshi zinafanyia ngozi. Wenye viwanda vya vipodozi wanayakausha, wanayaloweka kwa maji, spiriti ama gliserini, wanachuja, wanabaki na dawa nzito ya kahawia. Hii si fomu mpya. Marekani krimu ya tunda la kahawa inaitwa RevaléSkin iliingia sokoni 2007. Na Januari 2022 Umoja wa Ulaya uliruhusu hayo maganda yaliyokaushwa yauzwe kama kinywaji, wanaita cascara. Kwa hivyo wazungu wanayanywa na wanajipaka, sisi tunayarusha.

Kwa ngozi, kafeini inabana mishipa midogo ya damu, ndio maana macho yakivimba asubuhi baada ya sherehe, uvimbe unashuka kiasi kwa masaa machache. Kiasi. Haiondoi madoa ya chunusi na haichukui nafasi ya sanskrini, hata chupa ikiwa na picha ya shamba na jua linachomoza.

Kwa nywele ndio watu wanauziwa ndoto. Mwaka 2007 watafiti Ujerumani walichukua mizizi ya nywele za wanaume wanaopata upara, wakaiweka kwa chombo cha maabara pamoja na kafeini, na nywele zikarefuka kuliko zile hazikuwekewa. Poa. Lakini hiyo ilikuwa ni kafeini safi, kwa maabara, si maganda kwa kichwa cha msee anatembea Tom Mboya. Shampuu ya Alpecin ilibebea jina kwa hiyo story ya kafeini, halafu 2018 mamlaka ya matangazo ya Uingereza ikawaambia waache kudai inasaidia kupunguza kukatika kwa nywele, ushahidi hautoshi. Kama shampuu ya kafeini ilishindwa kuthibitisha, mafuta ya maganda yatatoa wapi ushahidi? Na manzi, kama zile za mbele zimeisha juu ya kusukwa kukazwa tangu darasa la nne, hakuna ganda litazirudisha. Legeza kwanza msuko.

Kitu kingine: orodha ya viungo inaanza na kile kiko kwa wingi. Kahawa ikiwa ya mwisho mwisho, chini ya manukato, jua umelipia picha.

Na wale mnafikiria kwenda kuchota maganda kwa rundo mkajitengenezee kejani, tulieni. Kahawa inapuliziwa dawa za ukungu za kopa, na dawa inatua kwa ngozi ya nje. Rundo likishakaa linaota kuvu, na kuvu zingine zinaacha sumu. Kuyasaga ukasugulie uso ni mbaya zaidi, yanakwaruza.

Hapo ndio utaelewa kwa nini mkulima haoni hizi pesa. Ganda mbichi linaanza kuoza ndani ya siku moja. Ili liuzike lazima likaushwe haraka, safi, na ijulikane lilipuliziwa nini. Vitanda vya kuanikia viko, sosaiti inavyo. Lakini maganda yanatoka kwa wingi Oktoba mpaka Disemba, na huo ndio wakati vitanda vimejaa mbegu zenyewe. Hakuna meneja atatoa mbegu kwa kitanda aanike takataka. Kwa hivyo inahitajika mashine ya kukausha, stima ama kuni, na mtu wa kununua aliyesaini karatasi kabla msimu uanze. Bila huyo mnunuzi, mashine ni deni lingine kwa mgongo wa mzee, na wakulima wa kahawa wamebebeshwa madeni ya sosaiti ya kutosha.

Saa hii mkulima analipwa kwa kilo ya cheri, na ganda likishatoka kwa mashine hakuna mtu analipima. Hapo ndio mimi naona shida iko, hata kuliko kwa mashine. Broka akikuja kesho na lori aseme atawasaidia kuondoa uchafu bure, wengi watamshukuru na kumpigia chai.

Kama mathako ama guka ni mwanachama, mwambie mkutano wa mwaka ukifika aulize mambo mawili: maganda yetu ni tani ngapi kwa msimu, na yakiuzwa, hiyo pesa itaandikwa kwa laini gani ya malipo?