Tunapigania Udongo wa Mrima, Lakini Nani Anasomea Sumaku?

Wasee, kila mara kilima cha Mrima kikitajwa kwenye habari, komenti hujaa hasira moja tu: wageni wanakuja kutuibia madini. Naielewa. Kilima hicho cha Kwale kina niobi na madini adimu, na ni msitu mtakatifu wa Wadigo. Mwaka 2013 serikali ilifuta leseni ya Cortec, kampuni ikatushtaki kimataifa, na 2018 ikashindwa. Lakini miaka yote hiyo tunabishana juu ya nani atachimba. Mimi nauliza, nani hapa kwetu anajua kutengeneza sumaku?

Maana sumaku ndiyo inafanya madini adimu yatafutwe hivi. Fungua mota ya pikipiki ya umeme, mara nyingi utakuta sumaku ya neodimiamu, chuma na boroni. Pikipiki ikipanda milima yetu ya Nyambene na abiria wawili na gunia juu, mota inachemka, na joto hudhoofisha sumaku. Ndiyo sababu viwanda huongeza disprosiamu kidogo, istahimili.

Sasa sikizeni hiyo sumaku ilitoka wapi. Kabla yake, sumaku kali ilitumia kobalti, na kobalti nyingi ya dunia ilitoka Katanga, Kongo. Mwaka 1978 vita vikafika Kolwezi, migodi ikasimama, bei ikaruka. Watafiti wakaanza kusaka sumaku isiyohitaji kobalti, na 1983 Masato Sagawa kule Japani na watu wa General Motors kule Marekani, kila upande kivyake, wakatangaza hii ya neodimiamu. Kobalti ilibaki ardhini kwa wenyewe. Soko la sumaku ndilo lilihama. (Bahati ya Kongo, betri za simu na magari zilikuja baadaye.)

Sisi wa Igembe hatuhitaji kuelezwa sana. Juni 2014 Uingereza ilipiga miraa marufuku, halafu 2020 Somalia ikafunga mlango hadi 2022. Miti ilikuwa shambani, mizuri tu, mnunuzi hayuko. Na huyo wa miraa alitumia sheria. Wa madini anatumia kemia, na kemia huwezi kuitumia wajumbe waende kuibembeleza.

Tena kemia yenyewe haijalala. Mwaka 1993 watafiti wa Florence, Italia, walionyesha kwamba molekuli moja yenye atomi 12 za manganisi inaweza kuwa sumaku peke yake, lakini kwenye baridi ya kutisha, karibu nyuzi 270 chini ya sifuri. Mwaka 2018 molekuli ya disprosiamu ikafika nyuzi 193 chini ya sifuri, na 2025 nyingine ikafika 173. Haiingii kwenye simu yako leo, bana. Ila wanataka kuhifadhi data kwenye molekuli moja moja, na wengine wanasaka molekuli iliyo sumaku na papo hapo inatoa mwanga au kupitisha umeme. Huko Minnesota, Niron Magnetics wanaunda sumaku za chuma na naitrojeni, bila madini adimu. Hiyo ikishika, Mrima itamuuzia nani?

Kuna atakayesema basi tuchimbe haraka. Marekani ina mgodi wake wa madini adimu, Mountain Pass, California, na bado Uchina ilipobana mauzo ya aina 7 Aprili 2025, viwanda vya magari vilihangaika. Uchina inajua kuyatenganisha na kuyageuza sumaku. Hapo ndipo nguvu yake iko.

Kwa hivyo mheshimiwa akija kutuambia asilimia ngapi ya mrabaha itabaki Kwale, aulizwe pia ni vijana wangapi watalipiwa kusomea kutenganisha hayo madini, na maabara itajengwa wapi. Mimi chuo niliacha, sitawafundisha kemia. Lakini kamera ninayo. Wewe unayesomea kemia pale Chuo Kikuu cha Meru, Nchiru, na una kazi yoyote ya sumaku, niandikie inbox, nije niirekodi.